Shajara ya priampu ya santuri: kuusaka mvumo

Jumamosi, usiku

Leo nimeiwasha kwa mara ya kwanza priampu niliyoijenga, kikuzaji cha awali kinachopandisha sauti ndogo ya gramafoni kabla haijafika kwenye amplifaya, na imefanya kazi. Santuri inasikika pande zote mbili, besi ipo, sauti nyembamba zipo, hakuna kilichoungua wala kutoa moshi. Lakini chini ya muziki kuna mvumo. Wimbo ukiwa umechangamka hausikiki. Ukifika mahali palipotulia, mwimbaji anavuta pumzi, ndipo unapojitokeza: sauti nzito yenye mkwaruzo juu yake, kama mzinga wa nyuki uliofunikwa kwa debe.

Niandike kwanza nilichojenga, ili hesabu za mbele zieleweke. Ni priampu ya katriji ya sumaku (kichwa cha gramafoni chenye sindano), transista tatu za BC550C kila upande, inayokuza mara 100 kwenye hezi 1,000 (mitikisiko 1,000 kwa sekunde). Umeme unatoka kwenye transfoma ndogo ya volti 24, unapita daraja la dayodi nne (vali zinazopitisha umeme upande mmoja tu), unajaza kapasita moja (hodhi la umeme) ya mikrofaradi 2,200, kisha rigaleta (kituliza volti) ya LM317 inatoa volti 24 tulivu. Vyote vimo ndani ya kasha moja la alumini: transfoma kulia, bodi kushoto, soketi za RCA (za kuchomekea waya za sauti) nyuma.

Katriji yenyewe hutoa kama milivolti 5 tu. Juu ya udogo huo kuna kanuni ya RIAA, inayotumika tangu 1954: santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, halafu priampu inarudisha mizani wakati wa kupiga. Maana yake, kwenye hezi 50 saketi yangu haikuzi mara 100 bali karibu mara 700. Masikio yake ni makali kuliko kote pale pale ambapo umeme wa ukutani unavuma. (Wenye umeme wa hezi 60, kama Marekani, wasome 60 kila nitakapoandika 50, na 120 kila nitakapoandika 100.)

Kabla ya kulala nimefanya vipimo viwili vya haraka. Nimepunguza volyumu ya amplifaya kubwa, na mvumo ukapungua pamoja nayo. Kwa hiyo amplifaya na spika hazina hatia, kinachovuma kiko kabla ya volyumu. Kisha nimechukua plagi mbili za RCA, nikasolda kipande cha waya kati ya pini ya katikati na pete ya nje ya kila moja, nikazichomeka kwenye soketi za kuingizia badala ya gramafoni. Mvumo umepungua kidogo tu. Sehemu kubwa imebaki, nayo iko ndani ya kasha langu. Hicho kidogo kilichoondoka kinatoka nje. Ni magonjwa mawili, pengine matatu, na nitayatibu moja moja.

Jumapili

Siku nimeipoteza, lakini naiandika kwa sababu kosa lake limenifundisha.

Nilijiambia: mvumo ni mawimbi ya umeme ambayo kapasita haikuyalainisha, basi niongeze kapasita. Nikapachika mikrofaradi 4,700 sambamba na ile ya kwanza. Nikawasha. Mkwaruzo ukazidi kuwa mkali. Haukuongezeka sana, lakini hakika haukupungua.

Nilipokaa na kalamu nikaona kwamba sikuwa hata na sababu ya kuongeza. Saketi nzima pamoja na taa yake inakula kama miliampea 25. Kapasita ya mikrofaradi 2,200, ikijazwa mara 100 kwa sekunde, inayumba volti 0.11 hivi. LM317 inaumeza myumbo huo bila shida. Nimepima kwa multimita upande wa kutokea wa rigaleta, nikaiweka kwenye volti za mkondo geu (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani): hakuna kitu cha maana. Umeme unaoingia kwenye bodi ni safi. Basi mkwaruzo unaingilia wapi?

Nimeing'oa kapasita ya pili.

Jumatatu, jioni

Masikio hayatoshi, nataka namba. Nimeunganisha priampu na kadi ya sauti ya kompyuta na programu ya kuchora masafa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mnara wa hezi 50 mrefu kupita kiasi, na nilikaribia kuuamini. Kisha nikachomoa chaja ya kompyuta ili niihamishe, na mnara ukaanguka mbele ya macho yangu. Chaja ile ina plagi ya pini tatu. Ilikuwa imefungua njia nyingine ya ardhi kupitia waya wangu wa kupimia. Nilikuwa napima chombo cha kupimia. Tangu hapo kompyuta inatumia betri yake kila ninapopima.

Baada ya hapo picha imetulia. Nimechukua volti 0.5, yaani milivolti 5 zilizokuzwa mara 100, kuwa desibeli sifuri; desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na kadiri namba inavyozidi chini ya sifuri ndivyo mvumo ulivyo mdogo. Soketi za kuingizia zikiwa zimefungwa kwa zile plagi:

hezi 50: −48
hezi 100: −34
hezi 200: −38
hezi 300: −41

na zinaendelea 400, 500, zikishuka kama ngazi.

Ngazi hiyo inazungumza. Mvumo mtupu wa sumaku ya transfoma hukaa zaidi kwenye 50, ukiwa na 150 pembeni. Mistari ya 100, 200, 300 ni alama ya dayodi, kwa sababu daraja linakunja mawimbi hasi yawe chanya na kufanya kila wimbi moja lihesabike mara mbili. Na ngazi kushuka namna ile ni kazi ya RIAA: chanzo kinatoa mistari yenye nguvu zinazokaribiana, saketi inaikuza ya chini kuliko ya juu.

Kwa hiyo ile "nnnn" nzito ni transfoma, na nyuki walio juu yake ni dayodi. Nilikuwa nasikia vitu viwili nikaviita jina moja.

Jumanne

Nimempigia simu mzee mmoja aliyetengeneza redio maisha yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsomea namba. Hakuuliza thamani ya kapasita wala aina ya transista. Akasema, "Mwanangu, chomoa plagi ukutani muziki ukiwa unapiga, halafu sikiliza sekunde ile ya kwanza."

Nimefanya hivyo, kwa simu kuchezesha sauti ndogo sana kupitia rezista mbili za kuipunguza. Nimechomoa. Muziki umeendelea sekunde moja na ushei, ukilishwa na kile kilichobaki ndani ya kapasita, kisha ukajikunja na kufa. Ila mvumo na mkwaruzo vilikatika papo hapo nilipochomoa. Muziki ule wa sekunde moja ulikuwa msafi kuliko wote niliousikia tangu Jumamosi.

Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinajibu swali kubwa. Kama kosa lingekuwa kwenye volti iliyohifadhiwa au kwenye transista, lingeendelea pamoja na muziki. Limekufa na plagi, basi linatokana na kitu kinachotokea umeme wa ukutani unapotembea tu: sumaku ya transfoma, au mkondo unaojaza kapasita.

Mkondo unaojaza kapasita. Hapo nikawasha taa ya mezani nikafungua kasha tena.

Jumanne, usiku wa manane

Nimeipata.

Nyuma ya bodi nimelaza waya mnene wa shaba, milimita za mraba 1.5, kama uti wa mgongo. Kila kinachoandikwa "graundi" kwenye mchoro, yaani njia ya pamoja ya umeme kurudi, nilikisolda hapo. Nilijivunia uti huo. Ulikuwa umenyooka na kung'aa. Mwanzoni mwake, karibu na soketi, inaingia hasi ya daraja la dayodi. Sentimita sita mbele kuna hasi ya kapasita. Mbele yake kuna graundi ya bodi. Na graundi ya soketi za kuingizia, kwa kuwa ziko jirani, nilizisolda mwanzoni kabisa, bega kwa bega na daraja.

Kwenye mchoro zote ni nukta moja. Kwenye shaba si nukta moja. Kapasita haijazwi taratibu. Dayodi zinafunguka kwa muda mfupi tu kwenye kilele cha wimbi, na ndani ya muda huo lazima zirudishe yote yaliyoliwa. Ili wastani uwe miliampea 25, kila pigo linafika karibu robo ya ampea, mara 100 kwa sekunde, na kila pigo linarudi kwenye daraja kwa kupita sentimita zile sita.

Waya huo una ukinzani kiasi gani? Shaba ya milimita za mraba 1.5 ina kama omu 0.0115 kwa mita. Sentimita sita ni omu 0.0007. Robo ampea ikipita hapo inaacha milivolti 0.17. Ni kitu kidogo ambacho multimita yangu haikioni, lakini kimekaa katikati ya graundi ya soketi na graundi ya bodi, kwa hiyo bodi inakisikia kana kwamba kimetoka kwenye sindano. Kukilinganisha na milivolti 5 za muziki, kisha kukiongezea ukuzaji wa besi: ndiyo zile −34.

Sasa naelewa pia kosa la Jumapili. Kapasita kubwa zaidi inayumba kidogo zaidi, dayodi zinafunguka kwa muda mfupi zaidi, na pigo linakuwa jembamba na refu zaidi. Nilikuwa nawanoa nyuki miiba.

Nimekaa nikiutazama uti ule. Nimesoma mara nyingi ushauri wa "kuleta graundi zote mahali pamoja", nami niliamini nimeufuata. Swali ambalo sikuliuliza ni mkondo wa nani unapita wapi ukielekea nyumbani.

Jumatano

Nimeukata uti. Sikutaka kuubandua waya mmoja mmoja; nimeuondoa wote na kuanza upya.

Hasi ya daraja sasa inakwenda kwenye mguu wa hasi wa kapasita kwa waya wake yenyewe, haigusi kitu kingine njiani. Nimeusokota pamoja na waya wa chanya, kwa sababu mapigo yanakwenda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine, na waya mbili zilizosokotwa zinafutiana sumaku. Kutoka mguu ule ule wa kapasita, lakini upande wa pili wa tone la solda, unatoka waya mmoja kwenda kwenye rigaleta, na kutoka graundi ya rigaleta ndipo bodi inapokunywa. Graundi ya soketi ya kushoto inakwenda kwenye bodi ya kushoto pamoja na waya wake wa sauti, ya kulia vivyo hivyo. Soketi hazina tena uhusiano wowote na umeme ila kupitia bodi.

Kusolda mguu wa kapasita kumenichukua muda. Nilitaka tone liwe na waya wa mapigo upande mmoja na waya safi upande mwingine, bila kupishana. Mara ya kwanza waya safi ulizama chini ya ule mwingine. Nikanyonya solda, nikasafisha, nikakunja ncha ya kila waya iwe kama ndoano, nikazikaza kwa koleo kwanza, ndipo nikagusa kwa chuma cha solda. Tone lilipoganda likang'aa bila mikunjo.

Vipimo, plagi za kufungia zikiwa mahali pake:

hezi 50: −50
hezi 100: −73
hezi 200 na kwenda juu: zimezama kwenye kelele laini ya "shhh" ya transista.

Desibeli 39 kwa kuhamisha waya. Sijabadilisha kijenzi hata kimoja. Nyuki wameondoka wote. Imebaki ile nzito peke yake, tupu, na sasa inasikika wazi kwamba ni noti moja ya chini kabisa, karibu na sol.

Alhamisi

Zamu ya transfoma. Upande wa kulia unavuma zaidi ya wa kushoto, na kulia ndiko transfoma iliko, kwa hiyo sikuwa na shaka kubwa. Nimeifungua skrubu nikaitoa nje ya kasha, ikining'inia kwa waya zake ndefu za upande wa volti 24. Tahadhari kwa atakayefanya hivi: upande wa umeme wa ukutani nimeufunga kabisa kwa mpira wa kujibana kwa joto, juu yake kifuniko cha plastiki, na sikuigusa transfoma ikiwa imewashwa. Niligeuza, nikawasha, nikasoma, nikazima, nikachomoa, nikageuza tena.

Kuigeuza nyuzi 90 mahali pale pale kumenipa desibeli 8. Kuisogeza sentimita 30 kumemaliza kesi: hezi 50 ikashuka hadi −74. Uga wa sumaku wa kitu kidogo hufifia haraka ukiachana nacho. Umbali ukiongezeka mara mbili, uga unabaki karibu sehemu moja ya nane. Sentimita chache zina thamani kuliko ngao yoyote.

Ngao yenyewe nimeijaribu. Kipande cha alumini kati ya transfoma na bodi hakikufanya lolote, na ndivyo ilivyo: alumini nyembamba inazuia uga wa umeme, lakini sumaku ya hezi 50 inapita kama haipo. Kipande cha bati la chuma kilipunguza desibeli 5. Nimeamua transfoma itahamia kasha lake, iungane na priampu kwa waya wa sentimita 50.

Ijumaa

Nimefunga kila kitu, nimeondoa plagi za kufungia, nimechomeka gramafoni kwa furaha, na mvumo umerudi.

Nimevuta pumzi. Huu ndio ule "kidogo kinachotoka nje" wa Jumamosi. Sasa umebaki peke yake ndio maana unaonekana mkubwa. Ni hezi 50. Nikichomoa waya wa kutokea kwenda kwenye amplifaya kubwa na kusikiliza kwa visikizi vya betri, haupo. Nikiunganisha amplifaya, upo.

Amplifaya ina plagi ya pini tatu, kasha lake limeungwa na ardhi ya ukutani. Priampu yangu pia. Ganda la waya wa RCA linaziunga mara ya pili. Hiyo ni pete kamili: ardhi, kasha langu, ganda la waya, kasha la amplifaya, ardhi. Nimechomoa RCA nikaweka multimita kati ya makasha mawili: milivolti 12 za mkondo geu. Mkondo unaosukumwa na milivolti hizo ulikuwa unapita kwenye ganda la waya wa sauti.

Rafiki yangu aliyekuwepo akasema, "Ndugu yangu, kata waya wa ardhi kwenye plagi, kelele itaisha sasa hivi." Ni kweli ingeisha. Na nimekataa kabisa. Waya ule upo kwa ajili ya siku ambayo waya wa moto utachomoka ndani na kugusa kasha. Ukiwepo, mkondo mkubwa unapita na fyuzi inakatika. Usipokuwepo, kasha linakaa kimya likisubiri mkono wa mtu, na kupitia ganda la RCA hata gramafoni inaweza kuwa na umeme. Hakuna santuri yenye thamani hiyo. Nimemweleza, akanielewa, akanishikia tochi.

Njia sahihi ni hii: kasha linabaki limeungwa na ardhi moja kwa moja, kwa bolti yake, milele. Graundi ya saketi ndiyo inayoungwa na kasha kwa kuchelewa kidogo, kupitia rezista ya omu 10. Kwa milivolti 12 omu 10 ni ukuta mkubwa kulinganisha na ganda la waya, kwa hiyo mkondo wa pete unakuwa mdogo sana. Sambamba na rezista nimeweka dayodi mbili nene zilizolazwa kinyume, ili hitilafu ikitokea volti ikipanda zifunguke na kupitisha mkondo mzima mpaka fyuzi ikatike, rezista isiungue ikaacha saketi bila ardhi. Na kapasita ya nanofaradi 100 hapo hapo, kwa ajili ya mawimbi ya redio.

Soketi za RCA sasa hazipaswi kugusa kasha. Nimeziwekea washa za plastiki, nikapima kati ya graundi na kasha nikitarajia omu 10. Multimita ikasoma 0.3. Nimefungua soketi moja baada ya nyingine mpaka namba iliporuka. Ilikuwa ya kulia ya kutokea: washa ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele nilipokaza nati, na nyuzi za skrubu zilikuwa zinagusa ukingo wa tundu. Nimepanua tundu kwa tupa, nimeweka washa mpya, nimekaza kwa vidole tu na robo mzunguko wa spana. 10.1.

Mvumo umekwenda.

Jumamosi

Jambo dogo la mwisho: waya mwembamba wa graundi unaotoka kwenye mkono wa gramafoni. Niliuunga kwenye graundi ya bodi, ukaleta mvumo hafifu kila nilipogusa mkono. Nimeuhamishia kwenye bolti ya kasha, na hauleti tena. Ule ni waya wa kinga ya mkono wa chuma, haubebi sauti, na mahali pake ni kwenye kasha.

Vipimo vya leo, gramafoni ikiwa imeunganishwa, sindano ikiwa juu: hezi 50 −72 kushoto, −70 kulia. Hezi 100 −73 pande zote.

Nimeweka santuri ile ile ya Jumamosi iliyopita. Sindano imetua kwenye ukingo mtupu, nimesikia mchakacho wa plastiki yenyewe, vumbi mbili tatu, kisha ukimya ulio kabla ya noti ya kwanza. Pale mwimbaji anapovuta pumzi, pumzi inasikika.

Zilizobaki: kutoboa kasha la transfoma, kutafuta plagi ya kuunganishia makasha mawili isiyoweza kuchomekwa kinyume, na kujua kwa nini kulia bado kunazidi kwa desibeli 2. Nashuku waya wa soketi ya kulia, nilioukata mrefu kuliko wa kushoto na haujasokotwa mpaka mwisho. Kesho nitaufupisha.